Mkono Ufugao na Mkono Uponyao

Msomaji, mtoto wa dada yangu aliniuliza swali moja mwanzoni mwa mwaka 2014, naye alikuwa na umri wa miaka minane. Sikumjibu siku ile, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nimelichukua swali hilo miaka yote hii kama mtu achukuavyo mwiba mdogo wayoni, usiomzuia kwenda lakini usiomwacha asahau. Leo nakuomba uketi nami tulitazame pamoja.

Kibarazani kwangu, nje kidogo ya mji wa Kisumu, palikuwa na masanduku mawili ya karatasi ngumu. Katika la kwanza alikuwamo hua aliyeruka moja kwa moja akajipiga katika kioo cha dirisha langu, akaanguka chini na bawa lake moja likalegea. Katika la pili alikuwamo kware jike aliyeraruliwa mgongo na paka. Mtoto alisimama mbele ya masanduku hayo, mikono nyuma, akatazama hili, akatazama lile, kisha akasema: "Mjomba, huyu wa pili ni ndugu yao wale tuliowala Jumapili. Mbona wale tuliwachinja, na huyu tunamtia dawa?"

Wako watu wazima ambao wangelicheka, wakamwambia akacheze. Mimi nilijua kwamba nimeulizwa jambo ambalo sikuwahi kujiuliza, ingawa nilikuwa nimefuga na kuchinja, na tangu utoto nilikuwa nimeokota ndege walioumia. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu kama wapangaji wawili wa nyumba moja wasiosalimiana.

Kabla hatujaendelea sina budi kukueleza habari za kware, maana huenda hukumfuga. Ndege huyu ni mdogo, kimo chake kama ngumi ya mtu mzima, na kwa kawaida uzito wake hauzidi sana gramu 150. Vitabu vingine humwita tomboro, na jina la kware huachiwa ndege mkubwa zaidi akimbiaye vichakani. Lakini katika masoko ya Kenya kila mtu husema kware, nami sitaki kushindana na soko juu ya jina. Wa mwitu wako kwetu tangu zamani. Katika nchi ya Siaya watu husimamisha miti mirefu na kutundika juu yake vitundu vilivyofumwa, na ndani ya kila kitundu hutiwa dume aitaye. Wenzake wa mwituni husikia sauti, wakaja, wakanaswa kwa vitanzi vilivyotegwa majanini. Waluo humwita aluru, na nyama yake hupendwa sana.

Kware wa tunduni si huyo. Ni kizazi cha kware wa Asia ya Mashariki, waliofugwa Japani kwa karne nyingi. Kwanza kwa ajili ya sauti yao, na baadaye, tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa ajili ya mayai. Mwaka 2013 uliingia Kenya upepo wa kware hao. Ilinenwa kwamba mayai yao huponya shinikizo la damu, ugonjwa wa sukari, pumu, na magonjwa mengine mengi ambayo kila muuzaji aliongeza lake. Yai la kware ni chakula chema, lakini ni yai. Uzito wake ni kama gramu 10, na matano au sita hivi hulingana na yai moja la kuku. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa yai hilo dogo liliuzwa kwa bei iliyolipita yai la kuku mara nyingi. Watu walikopa, wakanunua mashine za kuangulia, wakaenda kuomba leseni kwa Shirika la Wanyamapori, yaani KWS, kwani sheria ilitaka kila mfugaji wa kware awe nayo. Kisha, ulipoingia mwaka 2014, wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, na bei ikaanguka.

Mimi nilikuwa mmoja wa wafugaji hao. Sikuwa na busara kuliko wengine. Bahati yangu ilikuwa umaskini tu, nikaanza na ndege arobaini. Jirani yangu, mtu mwema, mpole, apendaye watoto, alikuwa na mamia. Chakula chao kilimgharimu kila siku fedha ambazo mayai hayakuweza tena kuzirudisha. Alijaribu kuwauza, hakupata mnunuzi. Alijaribu kuwagawa bure, watu wakachukua wawili watatu wa kuchinja, wakatosheka. Jioni moja akafungua milango ya matundu yote, akawafukuza kwa ufagio mpaka uani, na alipokutana nami njiani akaniambia kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo: "Nimewapa uhuru wao."

Usiku ule sikulala vizuri kwa kelele za paka. Asubuhi niliona manyoya kando ya ua wa michongoma, mengi kiasi cha kujaza gunia. Baadhi ya kware walikuwa wamejikusanya chini ya matundu yaleyale waliyofukuzwa, wakingoja. Wengine watatu walikuja hata kwangu, wakakaa nje ya wavu mkabala wa wangu, na mmoja wao ndiye huyo jike niliyemtia sandukuni.

Sasa nataka ufikiri nami, msomaji, juu ya neno lile la jirani yangu. Hakuwa mwongo, wala hakuwa katili. Aliamini kwamba tundu ni kifungo, na afunguaye kifungo atenda wema. Kosa lake lilikuwa wapi?

Tumtazame kware mwenyewe. Kuku wa kienyeji akipotea porini huweza kujificha, akataga, akaatamia, akaangua. Kware wa tunduni hutaga yai lake popote asimamapo, kisha akaliacha na kwenda zake. Hamu ya kuatamia imemtoka karibu kabisa, kwa kuwa wanadamu kwa vizazi vingi walichagua watagao sana na hawakujali watunzao. Sasa ni mashine, au kuku mdogo aliyeazimwa, amwanguliaye mayai yake kwa muda wa siku 17 hivi. Vifaranga hutoka wadogo kama nyuki bambi, na juma la kwanza hutaka joto la digrii 35 au zaidi, hata mtu hulala karibu na taa kwa hofu ya kukatika umeme. Sahani yao ya maji yataka itiwe changarawe ili wapate kunywa katikati ya mawe, kwani kina cha kidole kimoja chatosha kuwazamisha. Nilipoteza saba kwa njia hiyo kabla sijafundishwa. Wakishakuwa wakubwa, wakishtushwa huruka wima juu kama risasi. Porini ruko hilo lingewaokoa na nyoka. Tunduni huwapasua vichwa katika dari, na kwa sababu hiyo mfugaji ajuaye kazi hufanya dari kuwa chini sana, ili ndege asipate kasi, au huiweka ya kitambaa laini.

Hata mchana wao si wa jua. Jike huanza kutaga akiwa na majuma sita au saba, walakini ili atage kila siku hutaka mwanga wa saa 14 au zaidi, na sisi tukaao karibu na ikweta tuna saa 12 tu. Basi mfugaji huwasha taa alfajiri na baada ya magharibi, akaurefusha mchana. Jike hutii. Atataga mayai zaidi ya 200 kwa mwaka, na mwili wake utachakaa upesi. Ni wachache waishio hata mwaka wa tatu. Mwezi wa Machi mwaka 1990 mayai ya kware yaliangua katika chombo cha anga cha Warusi kiitwacho Mir, na vifaranga wale wakaelea hewani wasijue juu ni wapi na chini ni wapi. Nilisoma habari hiyo nikastaajabia ujuzi wa wanadamu. Baadaye nilifikiri kwamba hatukumpeleka angani kware tu. Kila kware wa tunduni, hata aliye juu ya ardhi, amekwisha kuondolewa katika nchi yake na kutiwa mahali ambapo hawezi kuishi muda mrefu bila mkono wa mtu.

Jirani yangu, basi, alitoa kitu ambacho hakuwa nacho. Uhuru wa kiumbe ni uwezo wake wa kutafuta chakula, kumkimbia adui na kulea watoto. Kufunguliwa mlango ni sehemu ndogo tu. Uwezo ule ulikuwa umechukuliwa kidogo kidogo na watu wa kale, na sisi tulinunua matunda ya uchukuzi huo tuliponunua ndege atagaye sana. Kumfungulia mlango baada ya hapo ni kumtupa.

Najua neno hili laweza kukuudhi. Maneno kama hayo yaliwahi kunenwa juu yetu sisi: kwamba hatuko tayari, kwamba tukifunguliwa tutaangamia, kwamba tundu ni kwa faida yetu. Walionena hivyo walinena uongo, na tangu mwaka 1963 Kenya imeushuhudia uongo huo. Lakini angalia tofauti. Mwanadamu aliyetawaliwa hakupoteza akili yake ya kujitawala. Aliinyimwa nafasi tu, na wengine walifaidika kumwita mtoto. Kware hakunyimwa nafasi. Amebadilishwa mwili na silika. Atumiaye mfano wa ndege kuwafunga watu adanganya, na atumiaye mfano wa watu kumtupa ndege nadhani ajidanganya mwenyewe.

Hapa nimefika kwenye maneno mawili ambayo nimeona yanasaidia, nayo ni deni na hisani. Hisani ni wema ambao ungeweza kuuacha bila mtu kukudai. Deni ni lile ambalo ukiliacha umedhulumu. Nikikuta kipanga amemjeruhi njiwa porini, nikamwokota njiwa, hiyo ni hisani; na kipanga naye, kama angaliweza kusema, angeniuliza kwa nini nimemnyima chakula. Lakini kware niliyemwagiza, nikamtia tunduni, nikamrefushia mchana ili nipate mayai yake, hanipi nafasi ya kufanya hisani kabla sijalipa deni. Maji safi ni deni. Mchanga wa kuogea, maana hujioga vumbini kwa furaha ambayo hata mtu mzito wa moyo hutabasamu akiiona, ni deni. Kifo cha upesi ni deni.

Dini zetu zaonekana kulijua jambo hili. Waislamu husimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Sikiliza vizuri sehemu zote mbili za shtaka lile: kumfungia kuliambatana na wajibu wa kulisha. Katika Torati nako imeandikwa amri juu ya kiota, kwamba mtu aweza kuchukua makinda lakini asimchukue mama pamoja nao. Na ndege huyuhuyu wetu ametajwa katika Biblia na katika Kurani kuwa chakula cha Wana wa Israeli jangwani. Kwa hiyo vitabu hivyo havikatazi kula; vyauliza namna.

Yule hua wa dirishani alikuwa wa aina gani, wa deni au wa hisani? Jambo hili lilinisumbua zaidi kuliko kware. Hua ni wa mwitu, hakuna aliyemfunga. Lakini kioo kile nilikitia mimi, tena kipana, na ndani yake huonekana mti wa mwembe kana kwamba njia iko wazi. Ndege hajui kioo. Hakuna kitu kama hicho katika dunia aliyozaliwa. Nilipokwisha kufikiri hivyo nilimwona hua kuwa mdai wangu kwa nusu, na kazi ya kwanza niliyofanya ilikuwa kupachika vipande vya karatasi kwa nje juu ya kioo chote, karibu karibu, ili ndege waone kwamba mahali pale hapapitiki. Nyumba yangu haikupendeza tena. Wageni waliniuliza kama kuna mgonjwa ndani.

Juu ya kumtunza ndege wa mwitu aliyeumia nina mengi ya kukuambia, kwa sababu huruma isiyo na maarifa huua wengi kuliko manati. Nilipokuwa kijana nilikuwa nikimshika ndege mkononi, nikimpapasa kichwa, nikimmiminia maji kinywani na kumtia mkate uliolowekwa maziwa. Karibu wote walikufa, nami nililia nikidhani ni amri ya Mungu. Ndege hawezi kumeng'enya maziwa. Tundu la pumzi yake liko nyuma ya ulimi, na maji yamiminwayo kwa nguvu huingia mapafuni. Na kule kupapasa! Ndege wa mwitu atuliapo mkononi mwako, akifumba macho, usidhani amekuamini. Ametulia kwa hofu. Kwake wewe ni mnyama mkubwa aliyemkamata, naye angoja kuliwa. Moyo wake waenda mbio kiasi cha kuweza kumwua peke yake.

Atakacho ni sanduku lenye matundu madogo ya hewa, kitambaa chini, giza, kimya, na joto kiasi. Baada ya saa moja au mbili za utulivu, wengi waliojipiga katika kioo huzinduka, ukifungua sanduku nje wakaenda zao. Asiyezinduka yataka apelekwe kwa daktari wa mifugo, na aliyeng'atwa na paka apelekwe siku ileile hata kama jeraha ni tundu la sindano, kwani mate ya paka yana vijidudu ambavyo bila dawa humwua ndege kwa siku moja au mbili. Tena, kinda umwonaye chini ya mti akirukaruka, mwenye manyoya lakini hawezi kuruka mbali, aghalabu hakupotea. Wazazi wake wako juu wakikuogopa wewe. Mrudishe tawini, uondoke. Si kweli kwamba mama humkataa mtoto kwa harufu ya mkono wa mtu. Sheria ya Kenya nayo hairuhusu kumweka ndege wa mwitu nyumbani bila kibali, na walio wakubwa au wa kuwinda, kama tai, mwewe na bundi, KWS ndio wa kuarifiwa. Huko Naivasha wako watu wafanyao kazi ya kuwaponya ndege wawindao. Namtaja bundi kwa kusudi, kwa sababu yeye huumia mara mbili: kwanza na gari au waya, kisha na mawe ya watu wamwogopao.

Daktari alimtazama hua wangu, akasema mfupa haukuvunjika. Alilifunga bawa katika mwili kwa kitambaa laini, bila kukaza, akanieleza kwamba ndege hupumua kwa kutanua kifua chote, na akikazwa kifuani hufa kwa kukosa pumzi hali mwenyewe adhani amemponya. Aliniruhusu kumweka siku chache tu. Akamgeukia kware, akamsafisha jeraha, akampa dawa, akacheka kidogo kwa bei ya dawa ikilinganishwa na bei ya ndege sokoni siku zile. Sikumlaumu. Kwa hesabu ya fedha nilikuwa mjinga.

Kuna mtu atakayesema: nchini mwako wamo watoto walalao na njaa, nawe wanunulia kware dawa! Neno hili ni zito, silidharau. Lakini nimewachunguza walisemao, na sikuona kwamba fedha waliyoizuia kwa ndege waliipeleka kwa mtoto. Mfalsafa Immanuel Kant wa Ujerumani alifundisha kwamba tuwaache ukatili kwa wanyama kwa sababu humzoeza mtu ukatili kwa wanadamu. Jeremy Bentham wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, alipita mbele zaidi: kwake la kuuliza juu ya mnyama halikuwa kama ana akili au lugha, ila kama aweza kuumia. Mimi nakubaliana na huyo wa pili. Kware yule alipoguswa mgongoni alitetemeka mwili mzima, na kutetemeka kule hakukuwa somo la kunifundisha mimi tabia njema. Kulikuwa kwake mwenyewe.

Haya, na wale wa Jumapili? Siwezi kulikwepa swali la mtoto kwa kuzungumza juu ya mambo mengine mazuri. Katika vifaranga kumi watano hivi huwa madume. Madume wakiwa wengi tunduni hupigana, wakadonoana vichwa hata ngozi ikatoka na macho yakapotea, nimeona. Mfugaji huacha dume mmoja kwa majike watatu au wanne, na waliobaki huchinjwa. Hakuna ufugaji wa mayai, wa kware wala wa kuku, usio na swali hili la madume, na alaye yai akidhani hakuna aliyekufa hajauliza. Wale wa Jumapili walikuwa madume sita.

Ningeweza kumwambia mtoto kwamba wale walikuwa chakula na huyu ni mgonjwa, kana kwamba majina hayo yameandikwa manyoyani. Siyo kweli, ni mimi niliyewapa. Ningeweza pia kumwambia kwamba tangu leo hatutachinja tena, na wako watu waadilifu waliofika hapo, nami nawaheshimu. Mimi sikufika. Ninachoweza kusema bila aibu ni kwamba yule aliwaye na yule atibiwaye wananidai kitu kimoja, yaani kwamba maumivu yao yasiwe ya bure wala ya uzembe wangu. Madume sita waliishi majuma nane wakiwa na mchanga, maji na kivuli, wakafa kwa kisu kikali mkono mmoja ukiwa umewafumba macho, kila mmoja mbali na wenzake. Kama ningaliwaacha wapofuane tunduni kwa sababu naogopa kuchinja, huo ungekuwa ulegevu uliovaa nguo za huruma. Na kama ningalimwacha jike yule afe polepole kwa usaha, hali naweza ama kumponya ama kummaliza, ningekuwa nimemdhulumu kuliko niliyemla. Walakini nakiri, msomaji, kwamba hoja hii ina mwanya. Aliyechinjwa vizuri amekufa vilevile, wala hakuulizwa. Mwanya huo nauona, na Jumapili nyingine nikiwa na kisu mkononi huniuma.

Siku ya nne daktari alikifungua kitambaa. Nilimwachia hua chumbani kwanza, madirisha yakiwa yamefunikwa kwa shuka, akaruka kutoka kabatini hata juu ya mlango bila kuyumba. Kesho yake asubuhi, maana si vema kumwachia ndege jioni akakosa pa kulala, tulilipeleka sanduku chini ya mwembe ule uliomdanganya ndani ya kioo. Mtoto aliomba afungue yeye. Hua alikaa kitambo ukingoni, akainamisha kichwa, kisha mabawa yakapiga, akapita juu ya paa la jirani akatoweka. Mtoto alingoja muda mrefu, nadhani alitaka ageuke. Nilimwambia kwamba kwa hua kutugeukia kungekuwa ishara ya kwamba tulimtunza vibaya.

Kware alipona, lakini jicho moja lilikuwa limeharibika, na hakutaga tena. Wenzake hawakumkubali, kila nilipomrudisha kwao walimdonoa jeraha. Nilimtengenezea kitundu chake peke yake karibu na mlango wa jikoni, chenye dari ya kitambaa. Jirani yangu alipita mara nyingi akamtazama. Siku moja alisimama zaidi ya kawaida, akauliza kama ni mmoja wa wale wake. Nilimjibu ndiyo. Hakusema neno, lakini kesho yake aliniletea nusu gunia la chakula cha ndege lililokuwa limebaki stooni kwake, akaliweka mlangoni, akaenda.

Aliishi hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa, akila chakula asichokilipa hata yai moja. Mtoto ndiye aliyembadilishia maji kila alipokuja likizo, na kila mara aliziosha changarawe moja moja kabla ya kuzirudisha sahanini, ijapokuwa nilikwisha kumwambia kwamba ndege mkubwa hazihitaji.